UZI: Meno ya mtoto chini ya miaka 10, yapi yarekebishwe mapema na yapi yaachwe

KatoNaGego (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Swali ni lile lile kila mara: mtoto ana miaka 7, meno yamekaa vibaya, apelekwe akafungwe waya au asubiriwe? Kundi la kwanza linajibu subiri meno yote ya utotoni yang'oke. La pili linajibu wahi, taya bado changa. Makundi yote mawili yanawapoteza wazazi, kwa hiyo tukusanye hapa vitu vya uhakika na wenye taaluma zao wajazie.

Kumwangalia mtoto mapema si sawa na kumtibu mapema. Chama cha mabingwa wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto awe ameshaonwa na bingwa ifikapo miaka 7. Umri huo umechaguliwa kwa sababu ya kinachoonekana mdomoni. Kwenye miaka 6 hivi magego ya kwanza ya ukubwani huota nyuma kabisa, bila jino lolote la utotoni kung'oka kuyapisha (ndiyo maana wazazi wengi huyadhania ya utotoni na kuyaacha yatoboke). Kati ya miaka 6 na 8 hubadilika meno ya mbele ya kati, chini kwanza, kisha juu. Hapo bingwa anaweza kusoma magego yanaumanaje, meno ya mbele yanapishanaje, na kama nafasi inatosha. Watoto wengi wanaoonwa umri huo huambiwa warudi baada ya miezi 6 au mwaka, basi.

Yanayostahili kushikwa kabla ya miaka 10 ni machache. Taya la juu likiwa jembamba hadi mtoto analazimika kupeleka taya la chini pembeni ili ang'ate. Jino la mbele la juu likiingia nyuma ya la chini. Taya zima la juu likibaki nyuma. Kunyonya kidole kulikopitiliza. Gego la utotoni lililotoka kabla ya wakati. Jino la ukubwani lililokwama, lililopotea njia au lisilokuwepo kabisa. Mbanano wa kawaida wa meno ya mbele ya chini haumo humu, na hilo nitalirudia mpaka mnichoke.

Ukitaka kumwangalia nyumbani, mkalishe mtoto kwenye mwanga, mwambie ameze mate kwanza halafu afunge meno ya nyuma. Ukimwambia "ng'ata nione" ataleta taya mbele akuoneshe meno, utaona kitu kisichokuwepo. Vuta shavu kwa mpini wa kijiko. Meno ya juu yanatakiwa kuyafunika ya chini kwa nje pande zote, kama kifuniko cha boksi. Halafu afungue polepole na kufunga tena huku ukitazama ncha ya kidevu. Ikiteleza upande mmoja pale meno yanapokutana, hiyo haisubiri.

MzaziMakini

Asante mkuu. Swali la haraka: mtoto wa miaka 8 mwenye mwanya katikati ya meno mawili ya juu, na hayo meno yamefunguka kuelekea nje. Hilo nalo ni la kusubiri?

MshonoWaKaakaa

La kusubiri, mara nyingi. Umri huo meno ya chonge ya ukubwani bado yako juu ndani ya mfupa, na vichwa vyake vinabana mizizi ya meno yaliyo jirani. Mizizi inasogeana, vichwa vinatawanyika, ndiyo hiyo sura ya kufunguka. Meno ya chonge yakishuka, kwenye miaka 11 hadi 12, mbano unahama na mianya inafunga. Mwanya wa mm 2 au pungufu kwa kawaida hujifunga wenyewe. Ukiwa mpana zaidi ya hapo, au jino moja la mbele limetoka na mwenzake amechelewa zaidi ya miezi 6, piga picha ya eksirei kutafuta jino la ziada lililojificha katikati. Hilo huwa linatokea, na linaweza kulizuia jino halali lisishuke kabisa.

Kile kinyama kinachounganisha mdomo wa juu na fizi watu hukimbilia kukikata. Kabla ya meno ya chonge kutoka, acha. Ukikata mapema kovu linabaki katikati ya meno na linaweza kuusumbua mwanya huo huo uliotaka kuufunga.

Na ONYO, hili naliandika kwa herufi kubwa makusudi: USIVISHE MPIRA MDOGO KWENYE MENO MAWILI YA MBELE ili kufunga mwanya. Jino linapungua unene kama koni kuelekea ncha ya mzizi, hivyo mpira unateleza juu, unapita chini ya fizi na kuendelea kupanda. Njiani unakata nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa. Mzazi anadhani mpira umedondoka. Wiki kadhaa baadaye fizi zimevimba, meno yanacheza, na kwenye eksirei mpira hauonekani. Meno ya namna hiyo mara nyingi hupotea. Video za mtandaoni zinaonesha siku ya kwanza tu.

FundiPleti

Naongezea upande wa maabara, kwenye jino la mbele la juu lililoingia nyuma ya la chini. Hii ni kazi ndogo ikiwahiwa na inafaa pleti (kifaa cha plastiki ngumu kinachokaa kwenye kaakaa) ya kuvaa na kuvua, mradi nafasi ya jino kusogelea ipo na jino limelala tu kwa ndani. Kama mzizi wenyewe umekaa vibaya, pleti haitoshi.

Pleti ina sehemu tatu za maana. Vishikio vya waya wa mm 0.7 kwenye magego ya kwanza ya ukubwani, na vingine kwenye magego ya utotoni kama bado yamekaza. Springi ya umbo la Z ya waya wa mm 0.5 nyuma ya jino linalosukumwa. Halafu tabaka la akriliki (hiyo plastiki ngumu) juu ya magego, la unene wa kutosha tu kuachanisha meno ya mbele, basi. Hilo tabaka ndilo linalosahauliwa. Bila hilo jino linasukumwa mbele na springi na kurudishwa nyuma na jino la chini kila mtoto anapong'ata, linaishia kuuma na kulegea bila kwenda popote.

Springi inafunguliwa mm 1 hadi 2 kwa kila hudhurio. Ikifunguliwa kwa pupa, pleti inanyanyuka mdomoni badala ya jino kusogea. Mtoto anaivaa mchana na usiku, hadi kwenye kula, anaivua kuisafisha tu. Akiwa anaivaa kweli, jino huvuka ndani ya miezi michache. Likishavuka na kulifunika la chini vya kutosha, lile la chini lenyewe linalizuia lisirudi, na pleti ya kushikilia huenda isihitajike.

Dalili kwamba mtoto haivai ni hizi: pleti inang'aa kama mpya, anashindwa kutamka S akiwa nayo baada ya wiki mbili, na hakuna alama yake kwenye kaakaa.

MzaziMakini

Na ukiliacha hilo jino la kinyume hadi afikishe miaka 12?

FundiPleti

Jino la chini linagongwa nje kila siku. Fizi yake inashuka, mzizi unaanza kuonekana, jino linacheza. Meno yote mawili yanasagika ncha. Waya utalipanga jino baadaye, lakini ncha iliyosagika hairudi.

MshonoWaKaakaa

Sasa taya jembamba, maana hapa ndipo kuwahi kunalipa kuliko penginepo.

Mzazi anaona upande mmoja tu umeumana kinyume (meno ya juu yameingia ndani ya ya chini), anafikiri tatizo ni la upande huo. Mara nyingi taya la juu ni jembamba pande zote mbili kwa usawa. Mtoto akifunga, ncha zinagongana, anakosa pa kutulia, anateleza kushoto au kulia. Akiendelea kung'ata hivyo miaka yote ya kukua, mifupa inaufuata mng'ato, na kidevu kilichokuwa kinateleza kinakuwa kimepinda kweli.

Katikati ya kaakaa kuna mshono wa mfupa. Kwa mtoto haujashikana, unafunguka kwa nguvu ndogo. Baada ya balehe unazidi kufungamana, na kwa mtu mzima kuufungua kunaweza kuhitaji upasuaji. Ndiyo maana miaka 7 hadi 9 ni wakati mzuri, magego ya kwanza yakiwa yameshatoka ya kushikia kifaa.

Vifaa ni vingi. Upo waya wenye koili nne uliogandishwa kwenye bendi (pete za chuma) za magego, unafanya kazi taratibu bila mzazi kuzungusha chochote, na kwa mtoto mdogo mimi ndio ninaoupendelea. Ipo pleti ya skrubu ya kuvaa na kuvua, inayotegemea nidhamu ya mtoto. Kipo kipanuzi chenye skrubu katikati, kilichogandishwa kwa simenti. Hiki cha mwisho ndicho wazazi hukabidhiwa ufunguo wa kuizungusha skrubu, kwa hiyo nikieleze vizuri.

Robo mzunguko mmoja kwa skrubu nyingi ni mm 0.25. Mizunguko minne ya namna hiyo ni mm 1. Taya linalohitaji mm 6 na ziada kidogo linafika kwenye mizunguko 28 hivi. Kwa umri huu mzunguko mmoja kwa siku, au mmoja kila siku ya pili, unatosha. Miwili kwa siku ni ya watoto wakubwa. Kwa mdogo ambaye meno yake karibu yote ni ya utotoni, kukimbiza skrubu kunaweza kubadilisha umbo la pua.

Tunapanua kupita kiasi kidogo kwa makusudi, hadi ncha za ndani za magego ya juu zigusane na ncha za nje za magego ya chini, kwa sababu sehemu ya upana itarudi. Halafu skrubu inafungwa isizunguke na kifaa kinabaki mahali pake angalau miezi 3, wengi tunafika 6. Katika kipindi hicho mfupa mpya unajaza mshono. Kukitoa mapema kwa kuwa "meno yameshakaa vizuri" ni njia ya uhakika ya kurudi mwanzo.

Siku za mwanzo mwanya utafunguka kati ya meno mawili ya mbele. Msishtuke, hiyo ni dalili mshono umefunguka. Utajifunga wenyewe katika wiki na miezi inayofuata kwa kuvutwa na nyuzi za fizi.

NesiWaMeno

Daktari kasema "mzazi hukabidhiwa ufunguo", mimi ndiye ninayemfundisha huyo mzazi kuutumia, kwa hiyo naandika ninavyofundisha.

Funga uzi imara kwenye ufunguo, mwisho wa pili uuzungushe mkononi mwako. Ufunguo ukidondoka nyuma ya ulimi, uzi ndio utakaokuokoa. Mlaze mtoto kichwa mapajani mwako, uso juu, taa ya simu ishikwe na mtu mwingine. Tafuta tundu lililoelekea mbele. Chomeka ufunguo hadi ukae, sukuma kuelekea kooni mpaka tundu linalofuata lionekane lote mahali pa lile la kwanza. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanasimama nusu njia, wanautoa ufunguo, kesho hawaoni tundu lolote. Na unapoutoa, ushushe chini kuelekea ulimi. Ukiuvuta kuja mbele unairudisha ile robo uliyoipata.

Baada ya hapo mtoto atahisi kubanwa puani na kwenye meno ya mbele dakika chache. Maji ya kunywa yanasaidia. Maumivu makali au ya muda mrefu si kawaida, simamisha na upige simu.

Ukisahau siku moja, endelea na mzunguko mmoja kesho yake. Usifidie. Andika kila mzunguko kwenye karatasi ukutani, tarehe na tiki, maana baba akizungusha asubuhi na mama jioni bila kuambiana ni jambo linalotokea sana kuliko mnavyodhani.

Swalisi

Kunyonya kidole je? Watu wengine wanasema ataacha mwenyewe.

KatoNaGego

Wengi huacha wenyewe, na kabla ya miaka 4 sipotezi usingizi. Mpaka wa kweli ni kuota kwa meno ya mbele ya ukubwani, miaka 6 hadi 7. Akiacha kabla ya hapo, sehemu kubwa ya uharibifu hujirekebisha: meno ya juu hurudi nyuma na uwazi wa mbele hufunga.

Kinachoharibu zaidi ni muda kuliko nguvu. Mtoto anayenyonya kwa nguvu dakika chache kabla ya kulala anaweza asidhurike. Anayelala na kidole mdomoni usiku kucha, saa 6 na zaidi, atasogeza meno hata akikishika kilegevu. Kidole kinayainua meno ya juu na kuyasukuma mbele, kinayalaza ya chini ndani, na mashavu yanayovutwa yanabana taya la juu hadi linakuwa jembamba. Kwa hiyo kunyonya kidole na kuumana kinyume mara nyingi huja pamoja.

Utaratibu: kwanza mtoto mwenyewe akubali. Kisha kalenda ya zawadi ndogo, plasta au soksi mkononi usiku, au bandeji laini kwenye kiwiko inayomkumbusha akikunja mkono (iwe legevu, isizuie damu). Hayo yakishindikana kwa miezi michache na mtoto anataka kuacha, kifaa cha waya kinagandishwa nyuma ya meno ya juu kuondoa raha ya kunyonya. Kinakaa miezi 6 hata kama tabia imekoma wiki ya kwanza. Kumwekea mtoto ambaye hajakubali ni adhabu tu, atakibomoa au atahamia kwenye nguo.

Uwazi wa mbele ukibaki baada ya kidole kuachwa, tazama ulimi na pua. Mtoto anayelala mdomo wazi, anayekoroma, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangaliwe nyama za nyuma ya pua kabla ya mtu yeyote kufunga waya.

MshonoWaKaakaa

Nafasi sasa. Hapa nitakuwa mrefu kidogo.

Gego la pili la utotoni ni pana kuliko gego dogo la ukubwani litakalochukua mahali pake. Ukijumlisha jino la chonge na magego mawili ya utotoni, kila upande wa chini unabaki na akiba ya wastani wa mm 1.7 meno hayo yakishabadilika. Juu ni kama mm 0.9. Kwa hiyo mtoto wa miaka 8 mwenye mbanano wa mm 2 au 3 kwenye meno manne ya mbele ya chini ana akiba inayoweza kuumaliza. Ndiyo sababu KatoNaGego anarudia kwamba mbanano huo si wa kukimbilia.

Tatizo ni kwamba kwa kawaida magego ya kwanza ya ukubwani huteleza mbele na kuila hiyo akiba. Ukiitaka kwa ajili ya meno ya mbele, weka upinde wa waya nyuma ya meno ya chini, kutoka bendi ya gego la ukubwani la kushoto hadi la kulia, kabla magego ya pili ya utotoni hayajang'oka. Ukiweka baada ya kung'oka, akiba imeshaliwa.

Gego la utotoni likitoboka na kung'olewa mapema, mambo hugeuka. Likitoka la pili wakati gego la kwanza la ukubwani limeshaota, hilo la ukubwani linaegemea mbele, na sehemu kubwa ya nafasi hupotea ndani ya miezi 6 ya kwanza. Kwa hiyo kishika nafasi kiwekwe mapema, siyo "tutaona likizo ijayo". Kwa jino moja upande mmoja, bendi yenye kitanzi inatosha. Kwa pande zote mbili chini, ule upinde, lakini meno manne ya mbele ya ukubwani yawe yameshatoka, kwa sababu huwa yanaotea nyuma ya yale ya utotoni na yangegonga waya. Juu, upinde wenye kipande kidogo cha akriliki kwenye kaakaa.

Kabla ya kuweka, tazama eksirei. Jino la chini yake lipo? Limefunikwa na mfupa kiasi gani? Kila mm 1 ya mfupa huchukua takribani miezi 4 hadi 6 kupenywa. Kama mfupa haupo na zaidi ya nusu ya mzizi imeshajengeka, jino liko njiani na kifaa hakina kazi. Na kama jino halipo kabisa, hiyo ni hesabu nyingine, inataka bingwa aamue kama nafasi itunzwe au ifungwe.

NesiWaMeno

Kwenye vishika nafasi naongeza kinachoharibika: simenti. Inayeyuka chini ya bendi bila bendi kutoka, chakula kinaingia, gego jipya linaoza ndani ya pete likionekana zima kwa nje. Bonyeza bendi juu na chini kwa ukucha kila wiki. Ikicheza au mate yakitoka kama povu pembeni, irudishwe. Kaguzi kila miezi 6 hata kama hakuna shida. Na jino jipya likianza kuchomoza ndani ya kitanzi, kifaa kitolewe, kisije kulizuia.

Swalisi

Meno ya chini yameota safu ya pili nyuma ya yale ya utotoni. Ya mbele yang'olewe leo?

NesiWaMeno

Kama la utotoni linacheza, mwache alitikise kwa ulimi na ale vitu vya kutafuna. Ulimi wenyewe hulisukuma jipya mbele mahali pa zamani pakishakuwa wazi. Kama halichezi kabisa na jipya limepanda nusu, au miezi 2 hadi 3 imepita, ling'olewe. Kung'oa na meno jirani "ili kutengeneza nafasi" bila mpango wa bingwa, hapana.

FundiPleti

Kuna kitu kimerukwa: taya zima la juu kubaki nyuma, siyo jino moja. Watu wanaliita "kidevu kirefu" na kusubiri mtoto akue. Kwa huyo kusubiri ndiko kunakomnyima nafasi.

MshonoWaKaakaa

Kweli Fundi. Kwa hao, kabla ya miaka 10 ndipo taya la juu huitika vizuri likivutwa mbele. Kipanuzi kinagandishwa juu, chenye ndoano karibu na meno ya chonge. Usoni inavaliwa fremu inayoegemea paji la uso na kidevu, na mipira inavuta kutoka kwenye ndoano kuelekea mbele na chini, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Tunaanza na mipira laini wiki za kwanza, kisha tunafika gramu 350 hadi 450 kila upande, na tunapima kwa kipima nguvu, si kwa kukisia. Saa 12 hadi 14 kwa siku, yaani kuanzia jioni hadi asubuhi. Kwa kawaida ni miezi 9 hadi 12. Kidevu kitawasha na kuwa chekundu, kitambaa laini cha pamba chini ya pedi kinasaidia.

Mzazi aambiwe ukweli tangu siku ya kwanza: taya la chini litaendelea kukua hadi mwisho wa ujana, na baadhi ya watoto watahitaji upasuaji baadaye hata wakivaa vizuri.

KatoNaGego

Nije kwenye ugomvi wa kudumu: meno ya juu yaliyotokeza sana mbele kwa sababu taya la chini liko nyuma. Kuna wanaotibu kwa awamu mbili, ya kwanza kwenye miaka 8, ya pili ujanani. Mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba) ya majaribio yaliyolinganisha njia hizo mbili yalionesha kwamba matokeo ya mwisho yanafanana. Faida ya kuwahi iliyothibitika ni moja: meno ya mbele yanapungukiwa na ajali za kuvunjika. Kwangu mimi hiyo haitoshi kumtibu kila mtoto mara mbili. Mtoto anachoka, na awamu ya pili ndiyo yenye kazi nzito, akifika huko hana hamu.

MshonoWaKaakaa

Kwa mtoto wa kawaida tuko pamoja. Lakini ambaye meno yake ya juu yametokeza mm 9 mbele ya yale ya chini, midomo haifungi, anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja na wenzake wanamtania, siwezi kumwambia arudi akiwa na miaka 12. Huyo namwanzia. Wa mm 5 asiyesumbuliwa na chochote, asubiri kasi ya kukua ya balehe.

FundiPleti

Mkiamua kuwahi, angalieni meno ya kushikia. Kati ya miaka 9 na 11 magego ya utotoni yanalegea na kung'oka, vishikio vinakosa pa kukamata, pleti inadondoka kila akifungua mdomo. Ama muwe mmemaliza kabla, ama mngoje magego madogo yatoke. Vifaa vingi vinavyorudi maabara "vimeharibika" havijaharibika, jino lililovishikilia ndilo lililoondoka.

NesiWaMeno

Na wa mm 9 akicheza mpira avae kinga ya mdomo, iwe kuna matibabu au hakuna. Jino la ukubwani likidondoka zima, lishike kwa kichwa, usishike mzizi, suuza sekunde chache, lirudishe kwenye tundu au liweke kwenye maziwa, na mbio kwa daktari. La utotoni halirudishwi.

Swalisi

Meno ya chonge ya juu yanaangaliwaje, maana nimesoma huwa yanapotea njia?

MshonoWaKaakaa

Kuanzia miaka 9 hadi 10 papasa kwa kidole fizi ya juu, upande wa nje, juu ya jino la chonge la utotoni. Unatafuta kivimbe kigumu kila upande. Upande mmoja kipo na mwingine hakipo, au miaka 11 imefika bila kivimbe chochote, piga picha. Likiwa linaelekea kaakaani, kung'oa la utotoni kwa wakati kunaweza kulirudisha. Watafiti Ericson na Kurol mwaka 1988 waliripoti kwamba 78% ya meno ya namna hiyo yalirudi kwenye njia yake kwa watoto wa miaka 10 hadi 13: 91% kama halijavuka katikati ya mzizi wa jino jirani, 64% kama limevuka. Likiachwa linaweza kuula mzizi wa jirani yake bila maumivu yoyote.

Na gego la kwanza la ukubwani likiwa limeoza vibaya hadi halina maisha, bingwa aulizwe mtoto akiwa na miaka 8 hadi 10. Likitolewa wakati huo, hasa chini, gego la pili linaweza kusogea na kuchukua mahali pake. Likitolewa kwenye miaka 13, mara nyingi linabaki pengo na gego la pili linalala ubavu.

MzaziMakini

Zile trei laini za silikoni zinazouzwa mtandaoni, "zinapanga meno usingizini bila daktari"?

KatoNaGego

Anayeuza hajaona eksirei. Hajui kama kuna jino la ziada, jino lililopungua, au mshono unaohitaji kupanuliwa. Mwaka mmoja wa trei kwa mtoto mwenye taya jembamba ni mwaka mmoja wa mshono kuendelea kukaza.

Swalisi

La mwisho. Kipanuzi kimelegea upande mmoja usiku, kliniki imefungwa hadi Jumatatu. Kifanyweje?

NesiWaMeno

Simamisha kuzungusha, hata kama mizunguko ilikuwa bado. Ukizungusha kikiwa kimeshikwa upande mmoja, kinajisokota badala ya kupanua. Usikigande kwa gundi yoyote ya nyumbani. Mpe vyakula laini, asitafune upande huo, apige mswaki kwa dawa yenye floridi kama kawaida na asukutue kwa nguvu ili mabaki yatoke chini ya bendi. Kama kinaning'inia kiasi cha kuweza kutoka na kumezwa akilala, usisubiri Jumatatu, tafuta huduma ya dharura ya meno kikatolewe. Kikitoka chenyewe, usikitupe wala usichemshe: kioshe kwa maji baridi, kiweke kwenye chombo kigumu na uende nacho. Andika mizunguko iliyokwisha kufanyika, hicho ndicho tutakachouliza kwanza.